Nyongeza Iliyoniponza

Mliniacha kwenye kiti cha ofisi ya bima, na bado nimekikalia.

Kwa aliyechelewa kunijua: naitwa Myeong Ha-rin. Nina miaka ishirini na sita, nimehitimu ustawi wa jamii, na kazi ya mkataba niliyoipata ilikwisha kabla sijazoea meza yangu. Baba yangu, mchomeleaji wa vyuma, alinunua gari jeupe jipya kwa akiba ya maisha yake, akaliendesha miezi mitano, akafa.

Mama anauza vitoweo kwenye kiduka kidogo sokoni, hapa Daejeon. Mwenye kiduka amepandisha amana ya pango. Isipolipwa yote kufikia kesho Ijumaa, funguo anapewa kijana mmoja anayetaka kuuza kahawa.

Ndipo tukaamua kuuza gari la Baba. Mnunuzi akapatikana, Mwalimu Ok, mstaafu, anayemtafutia gari binti yake mjamzito. Siku tatu kabla ya kulikabidhi, nimesimama zangu kwenye taa nyekundu, lori la kabichi la Mzee Pyo likaja likanila ubavu wa nyuma.

Bima ya mzee ikalipa matengenezo: mlango ukabadilishwa, ubavu ukanyooshwa. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Gari likang'aa, na bado Mwalimu Ok akashusha bei, na sikumlaumu. Mama akauza jokofu lake la kimchi, zile mboga za kuchachushwa kwa pilipili. Shangazi akachanga. Likabaki pengo la won laki nane na nusu.

Hapo nikasikia kwamba hata thamani iliyopotea hudaiwa. Aliyekugonga hakukuharibia bati tu, amekuharibia na bei, na bima yake inapaswa kuifidia. Nilifurahi siku nzima. Nilijiambia, kumbe dunia ina haki, kazi ni kuijua tu.

Katika simulizi ya juma lililopita nilikomea pale Bwana Gil, kijana wa bima, alipoigeuza kalkuleta yake ili nione.

"Gari lisilotimiza mwaka tunalifidia, Bi. Myeong," alisema. "Tunalipa sehemu moja katika tano ya gharama za matengenezo."

"Najua. Inafika laki nane na zaidi. Nilipiga hesabu nyumbani."

"Ulipiga nusu ya hesabu."

"Nusu ipi nimeiacha?"

"Gharama zenyewe lazima zivuke sehemu moja katika tano ya bei ya gari kabla halijagongwa. Zisipovuka, hatulipi kitu." Akagusa kioo cha kalkuleta kwa ncha ya kalamu. "Zako zimepungukiwa elfu themanini."

Elfu themanini. Bei ya nyama ya kuchoma ya watu wanne, wakinywa maji.

"Kwa hiyo ningegongwa kidogo zaidi, mngenilipa?"

"Usiseme hivyo, Bi. Myeong."

"Mnasema ninyi. Mimi nasoma tu mlichoandika."

Hakukasirika. Alikuwa rika langu, na kola yake ilikuwa imechakaa kwa kufuliwa mno. Alivuta faili, akaanza kupekua picha za siku ya ajali, nadhani ili asiniangalie nikifuta macho.

"Ngoja kwanza. Hapa bampa ya nyuma imekwaruzwa yote. Kwenye ankara ya gereji sioni bampa."

"Imepakwa rangi. Ipo kama mpya."

"Nani alilipa?"

Hakuna aliyelipa. Siku niliyokwenda kuchukua gari, nilimbebea Bosi Ma, mwenye gereji, ndoo ya kimchi ya figili kutoka kwa Mama. Bosi Ma alikuwa rafiki wa Baba tangu jeshini, na mimi namwita baba mdogo. Aliifungua ndoo pale pale, akala kipande kimoja kwa vidole vyenye mafuta, akafumba macho. Kisha akapiga bampa kofi. "Hii nyongeza, mwanangu. Mwambie mama yako."

Kwetu ndivyo. Ukinunua maandazi mawili ya nyama, unatiwa la tatu. Mama hajawahi kupima mboga akaacha kuongeza kiganja juu yake, na asiyeongeza kiganja watu humpita kama nguzo. Sikuwahi kufikiri kwamba kiganja hicho kinaweza kumfungia mtu mlango.

"Ilikuwa nyongeza," nikasema.

Bwana Gil akaweka kalamu chini. Mcheko ulimjia, akaumeza.

"Nyongeza yako imekula fidia yako, Bi. Myeong."

"Basi ndio mwisho?"

"Kazi ilifanyika kweli?"

"Nenda kaitazame, ipo nje."

"Basi iandikwe. Mwambie fundi atoe ankara kamili, na picha za kazi kabla ya rangi. Ikinifikia kesho kabla ya adhuhuri, nalifungua faili upya."

"Bwana Gil, sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru. Ukinishukuru utaniletea kimchi, na sisi haturuhusiwi."

Niliondoka pale nikiwa mwepesi. Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua kwamba mimi nikiwa mwepesi hivyo, kuna shimo mbele.

*

Bosi Ma alikuwa amechuchumaa mbele ya gereji, anakula tambi za mchuzi mweusi juu ya gurudumu lililolazwa.

"Umekula?"

"Sijala, baba mdogo, lakini sikuja kula."

"Anayekuja hapa na njaa huwa kaja kugombana. Haya, sema."

Nikamweleza. Alisikiliza akitafuna. Nilipofika kwenye bampa, akaacha kutafuna.

"Unataka niandike nini?"

"Bampa. Kazi na rangi."

"Bampa ilikuwa nyongeza."

"Najua, lakini..."

"Najua lakini! Nimempa mama yako zawadi, sasa niitoze? Kesho naye ataniletea bili ya figili?"

"Anayetozwa ni bima, baba mdogo, si Mama."

"Nyongeza ikiandikwa inakuwa biashara. Miaka ishirini na tisa niko hapa, sijawahi kuandika nyongeza. Huko chuo mlifundishwa hayo?"

"Isipoandikwa, kiduka kinakwenda."

"Kinakwenda wapi?"

"Kwa muuza kahawa. Kesho."

Vijiti vikabaki hewani, tambi zikining'inia. Mama alikuwa hajamwambia. Mama hamwambii mtu.

"Kahawa," akasema taratibu. "Hapo alipokaa mama yako miaka kumi na minane, watu wakanywe kahawa." Akasukuma bakuli pembeni, akafuta mdomo kwa mkono wa ovaroli. "Ingia ndani. Ngoja nitafute miwani."

Nilimwinamia mpaka paji la uso likakaribia magoti.

"Acha mambo yako, we mtoto. Damu itakupanda kichwani."

"Na picha, baba mdogo. Wanataka picha za kazi."

Mkono wake ukasimama juu ya droo.

"Picha za nini?"

"Za upande wa nyuma, kabla ya rangi. Wewe huwa unapiga kila hatua."

"Sikumbuki kama zipo."

"Ulinionyesha za lile gari la daktari. Hata skrubu ulizipiga."

"Umeshakuwa wakili sasa? Kaa nje, nazitafuta." Akafunga mlango wa kiofisi chake. Mlango ule sikuwahi kuuona umefungwa mchana.

Sikuufikiria sana. Nikaona nitumie muda huo kutoa samaki wa Baba kwenye buti, maana kesho gari si letu tena.

Siku Baba alipolileta, walilitambikia hapa hapa gereji. Waliweka kichwa cha nguruwe mbele ya boneti, wakamwagia magurudumu pombe ya mchele, Bosi Ma akachomeka noti kwenye mdomo wa nguruwe akimwomba asile na risiti. Halafu Baba akafunga samaki mkavu kwa uzi mweupe, akamficha chini ya zulia la buti. Alisema, samaki hafumbi macho, atalilinda.

Nikainua zulia. Samaki alikuwapo, macho wazi, mdomo wazi, uzi wake haujalegea. Aliyefanya kazi upande ule alikuwa amemtoa na kumrudisha kwa heshima.

Nilipomvuta, vidole vyangu vikapita kwenye bati la ubavu, kwa ndani.

Vikarudi.

Mimi ni binti wa mchomeleaji. Baba alinifundisha kusoma chuma kabla sijajua kusoma herufi. Bati lililonyooshwa lina mawimbi, kama kitanda kilichotandikwa haraka. Bati lililokatwa na kuchomelewa lina mshono, na mshono hata ukisagwa, hata ukipakwa rangi mara tatu, kidole kinauona.

Nikaufuata. Ulianza karibu na taa ya nyuma, ukashuka mpaka juu ya gurudumu, ukakunja kona.

"Mshono mzuri," nikasema bila kugeuka. Nilikuwa nimesikia viatu vyake.

"Baba yako asingeukataa."

"Ankara inasema ubavu ulinyooshwa."

"Ankara inasema ulichokiomba."

Nikageuka. Alikuwa ameshika simu yake kifuani kama mtu aliyebeba kitu kinachovuja.

"Mimi niliomba gari likatwe?"

"Ulikuja hapa unalia machozi na makamasi. 'Baba mdogo, mfanyie nafuu Mzee Pyo, mkewe yuko kitandani, bima yake itapanda, atauza lori.' Si maneno yako?"

"Ni yangu."

"Basi. Ubavu ulikuwa umekunjika kama karatasi, haunyoosheki. Nikaukata, nikachomelea wa gari jingine. Kazi ya siku nne, nikaandika ya siku moja na nusu. Mzee Pyo akapona. Na wewe ukapona, maana gari lililobadilishwa mlango tu linauzika kama zima. Lililokatwa ubavu linaitwa majeruhi mpaka siku ya kwenda chuma chakavu. Nikaona nimewasaidia wote kwa jiwe moja."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Tenda wema, nenda zako, walisema wahenga. Hawakusema kwamba wema wenyewe utakufuata nyuma, ukibisha hodi kila nyumba unayoingia. Nilimhurumia Mzee Pyo. Bosi Ma akanihurumia mimi. Mama akamshukuru Bosi Ma kwa figili, naye akamshukuru kwa bampa. Hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja wa kumpigia kelele.

Nikakaa kwenye ukingo wa buti, samaki mapajani.

"Baba mdogo, leo asubuhi nilikuwa kwa Mwalimu Ok."

"Kufanya nini?"

"Kusaini."

Nilikuwa nimekwenda kwa kujivuna. Kabla hajauliza, nilimweleza Mwalimu yote: lori, taa nyekundu, mlango uliobadilishwa, bampa. Alinimiminia chai ya shayiri kwa mikono miwili, heshima ya mkubwa, mimi mtoto mdogo. Kisha akatoa karatasi yenye mstari mmoja nilioupenda kuliko yote: mwili wa gari haujakatwa wala kuchomelewa. Nikaandika jina langu chini yake kwa mwandiko mzuri wa shule.

Bosi Ma akavuta pumzi kwa meno.

"Umeandika jina?"

"Kamili."

Alikwenda kiofisini, akarudi na karatasi mbili na muhuri wake mwekundu. Akaziweka juu ya pipa la mafuta, moja kulia, moja kushoto.

"Nilikuwa naandika hizi wakati wewe unapapasa. Hii ya kwanza nimeongeza bampa tu. Picha nitatuma za bampa, nyingine sizioni. Bima inalipa, pengo linazibwa, Mwalimu hajui, mama yako anakaa dukani kwake. Nani kaumia?"

"Na ya pili?"

"Ya pili ni kila kitu. Kukata, kuchomelea, siku nne. Bima italipa zaidi ya unachotaka. Lakini Mwalimu akijua, ama anakwenda zake, ama anashusha mamilioni. Na kesho ndiyo kesho. Na mimi watanifuata hapa kuniuliza kwa nini niliandika uongo mara ya kwanza."

"Watakufungia gereji?"

"Hilo ni langu. Mimi ndiye niliyeshika kalamu."

"Binti yake Mwalimu anajifungua mwezi ujao," nikasema. "Atakaa kiti cha nyuma na mtoto."

"Mshono huo haufunguki! Ningempakia mjukuu wangu humo leo hii."

"Nakuamini."

"Sasa?"

"Sasa yeye hajakuamini wewe, baba mdogo. Ameniamini mimi, nimwambie kilichomo."

Upepo ukainua pembe za karatasi, akazibana kwa muhuri, katikati, ukigusa zote mbili.

"Chagua. Usipochagua, muuza kahawa atakuchagulia."

Nadhani nilikuwa tayari. Naapa mkono wangu ulikuwa unaelekea kushoto, kwenye karatasi ya pili. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumwambia Mama: tutatafuta kona nyingine sokoni, nitabeba ndoo mimi, nina miguu. Nilikuwa nimeanza kuyaamini.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mama.

"Ha-rin, umekaa au umesimama?"

"Nimekaa, Mama. Kuna nini?"

"Usisimame." Nyuma yake nilisikia kelele za soko, na Mama akicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mazishi. "Mwalimu Ok yuko hapa dukani. Kaja kununua majani ya ufuta, tukazungumza. Ulimi wangu ukateleza, nikamwambia tumebakiza laki nane na nusu. Mwanangu, ameziongeza!"

"Ameongeza nini?"

"Zote! Anasema ni nyongeza. Nikamwambia Mwalimu, nyongeza gani ya namna hiyo, nyongeza ni kiganja cha mboga! Anasema kafundisha miaka thelathini na nne, hajaona mtu anayeuza kitu akataja kasoro zake kabla ya kuulizwa. Anasema binti kama wewe... subiri, anaitaka simu. Ongea naye vizuri."

Bosi Ma alikuwa amesikia kila neno. Mama hajawahi kuamini kwamba simu inasikika bila kupayuka. Nikamwona ananyanyua muhuri, anakunja karatasi ya kwanza, anakunja ya pili, anazitia zote mfukoni mwa ovaroli. Uso wake ulikuwa umelegea kama mtu aliyetua gunia.

"Binti Myeong?"

"Naam, Mwalimu."

"Nimekuita nikupunguzie usumbufu. Kesho asubuhi nilikuwa nimemwomba fundi wa ukaguzi aje na vifaa vyake alipime gari. Mkwe wangu ndiye aliyeshikilia. Sasa hivi nimempigia, nimemwambia asije."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Aje kutafuta nini? Neno lako ninalo."

Bosi Ma akawasha simu yake. Nilimwona akigusa kioo kwa kidole kinene, mara moja, mara mbili, na kila alipogusa, picha moja ya ubavu wa gari ikatoweka. Hakuwa akifanya kwa ubaya. Alikuwa anafanya kama mtu anayefagia njia ili mtoto apite.

"Mwalimu," nikasema, "kabla hujampa Mama hizo pesa..."

"Nimeshazitoa, binti. Mama yako alinipa namba ya mwenye kiduka, nikazituma huko moja kwa moja, zote, bei ya gari na nyongeza yake. Mwenyewe amepiga simu hapa hapa, ameshakubali kwa mdomo wake. Mama yako analia kwenye beseni la machipukizi ya maharage, na wateja wanamgombania wambembeleze."

Nilimsikia kweli. Alikuwa analia na kucheka, na mtu anamwambia, mama, zamu yangu, nipimie na mimi.

Bosi Ma alinitazama. Akatikisa kichwa polepole. Kidole kikaja mdomoni: nyamaza, mwanangu.

Nilimtazama samaki wa Baba mapajani mwangu. Macho wazi. Mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

"Haloo?" akasema Mwalimu. "Umeanza kusema jambo, binti. Ulitaka kuniambia nini?"